Binti Yetu Anakwenda Kusomea Vijidudu



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri chini ya mti ulio mbele ya kanisa, mkononi ameshika bahasha. "Daktari," akaniita. Mimi si daktari. Nimefanya kazi katika maabara ya hospitali ya misheni kwa miaka mingi, nikipima makohozi, damu na choo, lakini huku kwetu kila avaaye koti jeupe ni daktari, nami nimekwisha kuchoka kukanusha.

"Daktari, nisaidie na barua hii. Baba yake anasema tuuze nusu ya kihamba. Babu yake anasema huko ni kwenda kusomea mambo ya kumshindana Mungu. Na mimi, nikuambie kweli, naogopa asije akatuletea ugonjwa humu nyumbani."

Barua ilitoka katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani. Ilimpa binti yake, aliyemaliza shahada ya kwanza hapa nchini, nafasi ya kusoma shahada ya pili ya bioteknolojia ya vijidudu, kwa miaka miwili, kwa lugha ya Kiingereza. Nilimpongeza mama, kisha nikamwomba wiki moja. Maswali yale matatu, la fedha, la imani na la ugonjwa, najua yanaulizwa katika nyumba nyingi za parokia zetu siku hizi, maana vijana wanaomba vyuo vya mbali kwa simu zao na wazazi hupata habari barua ikiwa imekwisha kufika. Basi majibu niliyompa yule mama nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Elimu iliyoanzia jikoni

Tuanze na neno lenyewe. Vijidudu ni viumbe hai wadogo mno, hawaonekani kwa macho matupu: bakteria, hamira, ukungu na wenzao. Wengi wetu tunawajua kwa ubaya wao tu, yaani kipindupindu, kifua kikuu, homa ya matumbo. Lakini walio wengi hawamdhuru mtu, na baadhi yao tunawafuga bila kujua. Bibi anayepika mbege anachanganya ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na gome la msesewe, kisha anangoja. Anayefanya kazi pale chunguni ni hamira, ambaye hula sukari na kutoa kileo na hewa ile inayotoa povu. (Sisemi hivi ili kuwasifia wanaokesha vilabuni, wao wana ukurasa wao.) Mama anayegandisha maziwa kwenye kibuyu naye anafuga bakteria. Bioteknolojia ya vijidudu ni kazi ya namna hiyo hiyo, ila anayeifanya anamjua kijidudu wake kwa jina, anajua anakula nini na anataka joto gani, na anajua kumtuma atengeneze kitu fulani.

Hata vyombo vya elimu hii vimetoka jikoni. Mwaka 1881 daktari mmoja Mjerumani, Walther Hesse, alikuwa akihangaika katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Walikuwa wakiotesha bakteria juu ya gelatini, ile inayotengenezwa kwa mifupa na ngozi, na siku za joto gelatini iliyeyuka, tena bakteria wengine waliila. Mkewe, Fanny, ndiye aliyemwambia ajaribu agari, utomvu wa mwani aliokuwa akiutumia nyumbani kugandisha vitu vitamu. Alijifunza habari zake kwa watu waliowahi kuishi Java, nchi ya joto. Agari haikuyeyuka. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Machi 1882, Koch alitangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1887 msaidizi wake Petri akatengeneza kile kisahani chenye kifuniko kinachotumika mpaka leo. Kila nioteshapo mkojo wa mgonjwa hapa hospitalini natumia agari ya Mama Hesse katika kisahani cha Petri. Jina la Petri limebaki katika kisahani, la mama halikubaki katika agari.

Tena dawa zilizotokana na elimu hii zimo katika nyumba zetu. Katekista mwenye kisukari anayejidunga insulini kila asubuhi, zamani angetumia iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe au nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwapo insulini ya kibinadamu inayotengenezwa na bakteria: wanasayansi walichukua maelekezo ya urithi ya insulini ya mtu, wakayaweka ndani ya bakteria wa utumbo, naye akaanza kuitoa kama ng'ombe atoavyo maziwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu wanaipata ndani ya Penta, hutengenezwa na hamira. Na ile dawa nyekundu ya kifua kikuu inayogeuza mkojo rangi ya machungwa, yaani rifampisini, chanzo chake ni bakteria waliotoka katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, ambao watafiti wa Milano waliupokea mwaka 1957.

Swali la babu

Babu hakuuliza upuuzi. Kubadili chembe za urithi za kiumbe aliyeumbwa na Mungu ni jambo la kumfanya mtu asimame kwanza. Kanisa nalo limesimama likatafakari. Katika kitabu cha Mafundisho Jamii ya Kanisa kilichotolewa Vatikani mwaka 2004, namba 472 hadi 480 zote zinazungumzia bioteknolojia. Halisemi kwamba kugusa maumbile ni dhambi. Linafundisha kwamba mtu amepewa akili ili ashiriki kuutunza na kuuendeleza uumbaji, hata kwa kuingilia maisha ya viumbe wengine, ila awajibike: apime madhara yanayoweza kutokea, wala nchi maskini zisigeuzwe soko tu au mahali pa majaribio. Kugusa urithi wa mwanadamu mwenyewe ni jambo jingine, lenye mipaka yake, nalo si kazi ya darasa analokwenda binti huyu.

Lakini nilimwambia babu pia habari moja ambayo ni ya upande wa hofu yake. Robert Koch yule yule alikuja Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Mwaka 1906 na 1907 alipiga kambi visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ambako ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu kwa maelfu. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Kwanza ilionekana kusaidia. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na kupofuka huko hakukupona. Koch alikuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1905; elimu haikumpungukia. Wagonjwa wa Sese hawakuwa na ndugu yao hata mmoja ndani ya hema la utafiti wa kuuliza dawa hii imejaribiwa wapi, na itakuwaje ikishindikana. Mimi hii naiona ni sababu ya kumpeleka binti, wala si ya kumzuia.

Je, atatuletea ugonjwa?

Hapa mama anaweza kulala usingizi. Maabara duniani hupangwa kwa viwango vinne vya usalama. Kiwango cha kwanza ni cha vijidudu wasiomdhuru mtu mzima mwenye afya, kama hamira ya mikate. Cha nne ni cha virusi kama Ebola, ambako mtu huingia amevaa vazi lililofungwa lote na kuletewa hewa yake mwenyewe. Wanafunzi wa shahada ya pili hufanya kazi hasa katika kiwango cha kwanza na cha pili. Hawali wala kunywa ndani ya maabara, koti halitoki nje, mikono huoshwa wakati wa kutoka, na kila kilichooteshwa huuawa kabla ya kutupwa kwa mvuke wa nyuzijoto 121 katika mtungi wa shinikizo, mfano wa sufuria kubwa la presha. Kwa uzoefu wangu, mama huyu yuko hatarini zaidi ndani ya basi lililofungwa madirisha yote, ameketi karibu na mtu mwenye kikohozi cha mwezi mzima.

Jambo moja tu wasichana walijue. Tangu mwaka 2018 sheria ya Ujerumani ya kulinda wajawazito inawahusu na wanafunzi. Aliye mjamzito au anayenyonyesha akitoa taarifa mapema, chuo kinapaswa kumpangia kazi isiyomdhuru yeye wala mtoto. Akificha kwa aibu, hakuna atakayemlinda.

Kihamba

Sasa fedha, na hapo ndipo nilipokaa na baba mtu saa mbili nzima.

Baba alikuwa ameelewa kwamba chuo kinadai ada ya euro elfu kumi na mbili hivi. Si kweli, na wazazi wengi wanakosea hapo hapo. Vyuo vikuu vya serikali vilivyo vingi Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Viko vinavyotoza: jimbo la Baden-Württemberg, kwa mfano, linawadai wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula tangu mwaka 2017, kwa hiyo barua isomwe mpaka mwisho. Mahali pengine hulipwa mchango wa muhula tu, euro mia kadhaa, ambao mara nyingi una tiketi ya basi na treni ndani yake.

Zile fedha nyingi ni kitu kingine. Anayeomba viza ya masomo ni lazima aonyeshe kwamba ana chakula cha mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi kinachotakiwa ni euro 11,904, zaidi ya shilingi milioni thelathini, nazo huwekwa katika akaunti maalumu iliyofungwa, kwa jina la mwanafunzi. Akifika anatolewa euro 992 kila mwezi, basi. Fedha ni zake. Lakini ni za mwaka mmoja, na masomo ni miaka miwili.

"Mwaka wa pili atafanya kazi," akasema baba. Ni kweli, tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au nusu siku 280. Nikamwuliza kama anajua siku ya mwanafunzi wa maabara inavyokwenda. Bakteria hawana Jumapili. Ukiwapanda jioni, kesho alfajiri wamekua, na usipowahi, jaribio la wiki nzima limeharibika. Asubuhi ni darasa, mchana hadi jioni ni maabara, usiku ni kuandika taarifa, na muhula wa mwisho wote ni utafiti wa tasnifu. Atakayeosha vyombo hotelini mpaka usiku wa manane ili alipe pango, saa tatu asubuhi atasinzia juu ya hadubini. Tena mitihani ya kule hurudiwa mara chache tu, na anayeishindwa kabisa huondolewa katika fani ile. Basi hapo kihamba kimekwenda na shahada haipo.

Mimi si mtu wa kukataza elimu. Lakini kihamba kile babu alikipokea kwa baba yake, kina makaburi, kina migomba inayolisha watu tisa. Kukiuza kwa ajili ya mwaka mmoja wa pango na mkate, huku njia nyingine hazijajaribiwa, niliona si sawa, nikasema wazi.

Njia nyingine zipo. Liko shirika la Wakatoliki wa Ujerumani liitwalo KAAD, lenye makao mjini Bonn, lililoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wasomi kutoka nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko. Linafadhili masomo ya juu, na linataka mtu mwenye nia ya kurudi kuwatumikia watu wake. Iko pia DAAD, yenye orodha ya kozi zinazohusu maendeleo. Hizo humtaka mwombaji awe amefanya kazi walau miaka miwili baada ya shahada ya kwanza. Anayepata ufadhili wa namna hii haulizwi akaunti iliyofungwa, na bima ya afya kwa kawaida hulipiwa. Wala msisahau vyuo vya karibu: Sokoine pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, wote wanafundisha elimu inayofanana na hii kwa shahada ya pili.

Na mwenye kuwaambia kwamba ana mtu ubalozini, au kwamba ufadhili unapatikana kwa kutanguliza kitu kidogo, mfungieni mlango. Familia moja ninayoifahamu ilimpa mtu wa namna hiyo bei ya ng'ombe wawili. Mpaka leo simu yake haipatikani.

Mwili na moyo ugenini

Kabla ya kuondoka, kijana atengeneze meno, apime macho, akamilishe chanjo ya homa ya ini B, na kama amekohoa wiki mbili au zaidi apime makohozi. Kijidudu wa kifua kikuu anaweza kulala mwilini miaka mingi, kisha akaamka mtu anapochoka na kula vibaya.

Malaria ina hila mbili. Ya kwanza: homa inaweza kumshika wiki au miezi baada ya kufika Ulaya, na daktari wa kule, ambaye huenda hajamwona mgonjwa wa malaria mwaka mzima, atadhani ni mafua. Kijana aseme mwenyewe, "Natoka Tanzania, naomba nipimwe malaria," siku hiyo hiyo. Ya pili: aliyekulia sehemu zenye mbu wengi mwili wake huzoea kupigana na malaria kwa kiasi, na mazoea hayo hupungua akikaa nje miaka miwili. Akirudi likizo alale ndani ya chandarua kama mgeni yeyote. Wako waliorudi kwa furaha kubwa, kisha wakalazwa mahututi wiki ya tatu.

Mwezi wa Desemba jua la Ujerumani huzama saa kumi alasiri. Giza, baridi na upweke kwa pamoja huwalemea vijana wetu, hasa wale ambao nyumbani walizoea mlango usiobishwa hodi. Mtu akiona halali usingizi, hataki kula, analia bila sababu, huo ni ugonjwa unaotibika na bima yake inaugharamia. Miji mingi yenye vyuo ina jumuiya ya wanafunzi Wakatoliki na padre wao. Aitafute wiki ya kwanza, asingoje mpaka aanze kulia. Na ajifunze Kijerumani kabla ya kuondoka, hata kama masomo ni kwa Kiingereza, kwa maana mwenye nyumba na mpokezi wa hospitali hawamsubiri aitafute lugha. Goethe-Institut ya Dar es Salaam inafundisha.

Nanyi mnaobaki, mnaomtumia ujumbe wa kuomba simu mpya, mchango wa harusi na mabati: chumba peke yake chaweza kula nusu ya zile euro 992. Mkipiga, mwulizeni kwanza kama amekula.

Akirudi atafanya nini?

Swali hili nililiuliza mimi, na binti mwenyewe ndiye aliyejibu. Alinikumbusha kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015, kinachotengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu. Ndani ya dawa ile mna bakteria. Kiluwiluwi akiwala, utumbo wake unaharibika na kufa, lakini samaki na mtu anayeyagusa maji yale hawadhuriki. Kibaha hiyo hiyo hutengenezwa chanjo ya kideri inayostahimili joto, ambayo mama anaweza kuwadondoshea kuku wake jichoni bila kumiliki jokofu. Akaongeza togwa: miaka ya 1990 watafiti wa kwetu, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na vijidudu wachache zaidi wa kuhara tumboni. (Togwa si badala ya ziwa la mama, wala ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha.)

Mimi nikaongeza la kwangu. Kila mwezi naona katika kisahani bakteria wanaokua bila wasiwasi kuzunguka dawa ambazo miaka ishirini iliyopita ziliwaua. Tumenunua vidonge vinne dukani badala ya dozi, tukawafundisha vita. Tunahitaji watu wa kutafuta dawa mpya na wa kutuambia ipi bado inafaa, na hao ni wachache mno.

Lakini nafasi za kazi nazo ni chache. Wapo waliorudi na shahada ya pili wakakaa nyumbani mwaka mzima wakingoja usaili. Ndiyo maana nilimshauri afanye kazi kwanza, ajue ni ugonjwa gani au kazi gani anataka kuisomea, ili akifika huko asiishie kuosha visahani vya utafiti wa wengine.

Basi mpaka naandika, mambo yako hivi. Kihamba hakikuuzwa. Binti ameandikia chuo kuuliza kama anaweza kuomba tena nafasi hiyo mwaka wa masomo unaofuata, na wakati huo anajitolea katika maabara yetu, ambako amekwisha kunisahihisha mara mbili mbele ya wagonjwa. Jioni anajifunza Kijerumani kwa simu. Anatayarisha barua ya kuomba ufadhili, na Paroko ameahidi kumwandikia ya kumtambulisha. Babu alikuja maabara siku ya soko, akainama juu ya hadubini kuangalia tone la mbege, akatazama muda mrefu, akauliza kama na wale huwa wanalewa.

Mama amebaki na swali moja. "Na akipata mchumba huko huko, Daktari?" Nikamwambia hilo alipeleke kwa Paroko, mimi ni wa maabara.